Mashine ya Kukata Chuma Ikija Nyumbani

  

Leo tunaacha kidogo habari za chanjo na uji wa mtoto, tuzungumze juu ya mashine. Tafadhali usizime redio. Mashine hiyo inaitwa plasma, kazi yake ni kukata chuma, na inakuhusu kuliko unavyofikiri. Ukienda soko la Sigowet, Kapsorok, Kiptere ama Sondu, unapita karakana za jua kali kando ya barabara, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Hapo ndipo milango yetu inatengenezwa, na madirisha, na wilbaro, na hori za ng'ombe.

Zamani fundi alikata chuma kwa msumeno, ama kwa gesi kutoka mitungi miwili mirefu. Mitungi ile ni mizito na kila mtu aliiogopa. Plasma haina mtungi wa gesi. Inatumia stima na hewa hii hii tunayovuta. Kompresa inasukuma hewa kwa nguvu kupitia tundu dogo, stima inapita ndani ya hewa hiyo, na hewa inakuwa moto ajabu, zaidi ya nyuzi 20,000 za Selsiasi katikati ya mwali. Chuma kinayeyuka, hewa inakipeperusha, na kazi imekwisha kabla hujamaliza kuulizia bei. Mashine ndogo ni kama sanduku la mwanafunzi wa bweni; inabebwa kwa bodaboda. Kwa hivyo kijana aliyetoka chuo cha ufundi anaweza kuinunua, aje nayo nyumbani na kuanza kazi nyuma ya jikoni ya mama yake. Watu husema, "Hakuna gesi, hakuna hatari." Maneno hayo ndiyo yanayonitia wasiwasi.

Nianze na pipa, kwa sababu pipa mara nyingi huletwa na sisi akina mama wenyewe. Umepata pipa kuukuu la lita 200. Unataka likatwe katikati, nusu iwe hori ya ng'ombe, nusu iwe ya kukinga maji ya mvua. Unafika kwa fundi. "Fundi, nikatie pipa hili." "Sawa mama, liweke hapo." Hakuna aliyeuliza pipa lilibeba nini. Labda lilibeba petroli, dizeli, tina ya kuchanganyia rangi, ama oili ya gari. Wewe unaliona ni tupu kwa sababu ukiliinamisha halimwagi kitu. Lakini mvuke wa mafuta umebaki ndani, na ndani ya mikunjo ya pembeni kuna mabaki ambayo macho hayaoni. Mwali ukigusa bati, mabaki hayo yanachemka, mvuke unaongezeka, halafu cheche inaingia. Pipa linalipuka kama bomu. Kifuniko chake kinaweza kumuua fundi na kumjeruhi mtu aliyesimama mbali, na mara nyingi anayesimama karibu ni yule aliyeleta pipa, akingoja, na mtoto wake.

Kuliosha kwa maji moto na sabuni hakutoshi. Kulianika juani wiki nzima hakutoshi. Hata pipa la mafuta ya kupikia linaweza kulipuka, maana mafuta yale yakichomwa hutoa mvuke unaoshika moto. Kwa hiyo mwambie fundi wako hivi: "Nikatie bila moto." Atatumia tindo na nyundo. Itachukua muda mrefu, itapiga kelele, na pengine atakuongezea shilingi kadhaa. Mlipe. Jambo hilo hilo ni kwa tangi la petroli la pikipiki linalovuja, kwa mtungi wa gesi ya kupikia, na kwa bomba lolote lililozibwa pande zote mbili. Na kama pipa lilibeba dawa ya kunyunyizia mimea, usilichukue kabisa, hata lisipokatwa, kwa maana si la maji wala chakula cha mtu au mnyama.

Sasa tuje kwenye macho. Mwangaza wa plasma, kama ule wa kuchomelea, una miale ambayo huwezi kuiona, ya aina ile ile inayotoka kwenye jua lakini kwa ukali na kwa karibu. Miale hiyo inaunguza ngozi nyororo iliyo juu ya mboni ya jicho. Ubaya wake ni kwamba haiumi wakati huo. Mtoto anasimama mlangoni mwa karakana akitoka shule, anatazama zile nyota za bluu, anafurahi, anakuja nyumbani, anakula, analala. Saa nne ama saa sita za usiku anaamka akilia. Anasema kuna mchanga machoni. Machozi yanatiririka, kope zimevimba, na hataki kabisa taa. Wewe unadhani ni ugonjwa wa macho mekundu, ama mtu amemtazama mwanao kwa jicho baya. Muulize kwanza kama alipita kwa fundi. Dalili huja kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kutazama.

Ufanye nini? Mtie kwenye chumba chenye giza. Mwekee kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa. Mpe dawa ya maumivu ya paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Mzuie asisugue. Usimtie maziwa ya titi machoni. Najua mabibi zetu walifanya hivyo, na maziwa ya mama ni chakula kisicho na mfano tumboni mwa mtoto, lakini ndani ya jicho lililoungua yanaweza kuingiza vijidudu. Usitie majani ya chai, wala vipande vya viazi, wala dawa iliyobaki kwenye chupa ya jirani. Kuna matone ya kufisha ganzi ambayo mafundi hupeana wenyewe kwa wenyewe. Hayo ni ya daktari peke yake. Yakitumiwa nyumbani yanaficha maumivu na kuchelewesha jicho kupona, na yanaweza kuliharibu kabisa. Jicho lililounguzwa na mwangaza hupona kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Kama baada ya siku moja bado linauma sana, ama mtoto haoni vizuri, ama kuna usaha, nenda kituo cha afya mara moja. Kutoka huko unaweza kupewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Kericho, ama kitengo cha macho cha Tenwek kule Bomet.

Kipande cha chuma kikirukia jichoni ni jambo tofauti. Usikitoe kwa leso, kwa ulimi wala kwa unyoya. Funika jicho kwa kikombe safi kisicholigusa, kifunge kwa kitambaa, uende hospitali siku hiyo hiyo. Kuna mafundi husema kitatoka chenyewe. Chuma kinashika kutu ndani ya jicho.

Miwani ya jua haikingi mwangaza huu. Fundi anahitaji kioo maalumu chenye namba. Kwa mashine ndogo za ampea 40 hadi 60, giza lisipungue namba 6, na namba 8 ni salama zaidi. Msaidizi wake naye ahitaji kioo kama hicho. Nasema msaidizi kwa sababu wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba msaidizi huyo huwa ni mwanao wa darasa la sita, aliyepewa kazi ya kushikilia chuma huku amegeuza uso pembeni. Kugeuza uso hakutoshi. Mwangaza unarudi kutoka ukutani, hasa ukuta wa mabati mapya yanayong'aa. Mtoto huyo aende nyumbani.

Sasa wewe mama ambaye kijana wako ameleta mashine. Hongera. Ni kazi halali na ya heshima, na sitaki umkataze. Nataka umuulize maswali kabla hajaiwasha, maana nyumba ni yako.

Swali la kwanza, anaichomeka wapi? Soketi ya ukutani imetengenezwa kubeba ampea 13. Plasma ya ampea 40 ikikata chuma kinene inaweza kuvuta mara mbili ya hizo kutoka kwenye stima ya volti 240, na kompresa nayo inataka zake. Akiichomeka pale unapochajia simu, waya za ukutani zitapata moto ndani kwa ndani, na nyumba inaweza kuungua usiku mmelala. Fyuzi ikikatika, kuna mafundi wanaoweka msumari ama waya mahali pake. Fyuzi imekatika ili nyumba isiungue, na msumari hautakatika. Mashine hii inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye swichi kuu, waya mnene, na swichi yake ya kukata stima iliyo mahali anapoweza kuifikia kwa hatua moja. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi na petroli, na Kenya Power waambiwe kwamba mzigo umeongezeka. Muulize pia juu ya waya wa kwenda ardhini. Atakuonyesha kile kibanio kinachoshika chuma kinachokatwa na kusema, "Si huu hapa?" Hicho ni kitu kingine. Kibanio kinakamilisha njia ya stima ya kukata. Waya wa ardhini unaunganisha mwili wa mashine na fimbo iliyopigwa chini udongoni, ili stima ikivuja ipite huko na isipite kwa mwanao.

Na stima ya plasma si ya kuchezewa. Mashine za kawaida za kuchomelea, zikiwa zimewashwa lakini hazijaanza kuchoma, kwa kawaida hazifiki volti 100 kwenye ncha. Plasma inazidi 200. Kijana aliyezoea kuguswa-guswa na mashine ya kuchomelea na kucheka, akidhani hii ni ndugu yake, anaweza kufa. Kwetu mvua hunyesha mchana karibu kila siku miezi mingi, na uwanja huwa tope. Asikate amesimama kwenye maji, ama amevaa patipati, ama glavu zilizolowa. Awe na glavu kavu za ngozi, viatu vikavu vyenye soli ya mpira, na nguo za pamba, kwa sababu nailoni huyeyuka na kugandama kwenye ngozi. Kabla ya kubadilisha ncha ya bomba la kukatia, azime kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe tu, kisha angoje ipoe.

Stima ikimkamata mtu, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifuani kwa nguvu, huku mwingine akiita gari. Na kila aliyeshikwa na stima apelekwe hospitali, hata akisema yuko sawa.

Swali la pili, ataiweka upande gani wa boma? Cheche za mashine hii zinaweza kuruka mita 10 na zaidi. Pima kwa hatua zako mwenyewe, mama. Ndani ya hatua hizo kusiwe na kuni, ghala la mahindi, nyasi za ng'ombe, godoro lililoanikwa wala pikipiki. Mlango wa karakana usielekee njia ya watoto. Kuta za mabati zipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Pande mbili ziwe wazi upepo upite. Ndoo ya mchanga iwe karibu, na kizima moto cha unga kama pesa zipo. Maji ni mazuri kwa nyasi zinazowaka, lakini usiyamwage kwenye mashine kabla stima haijazimwa. Akimaliza kazi jioni, akae hapo angalau nusu saa akitazama, na saa moja ni bora. Cheche hujificha kwenye machujo ya mbao na kuamka watu wakiwa mezani.

Kompresa nayo ni tangi lenye hewa iliyobanwa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo maji hukusanyika chini ya tangi na kuleta kutu. Ayamwage kila siku. Yale maji pia huharibu ukataji, kwa hiyo ukimkumbusha juu ya pesa za kununua ncha mpya atakusikia haraka kuliko ukimkumbusha juu ya hatari. Kile kivalvu kinachopumua hewa ikizidi kisifungwe kamwe, na kompresa ya kujitengenezea kwa mtungi wa gesi isiingie bomani kwako. Asijipulize vumbi kwa hewa hiyo, na asimpulize mtoto kwa mchezo. Inaweza kupasua ngoma ya sikio, na kuingia mwilini kupitia kidonda.

Bado moshi. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana kwamba moshi wa kuchomelea vyuma husababisha saratani kwa binadamu. Plasma nayo inayeyusha vyuma vile vile, na moshi wake si mdogo. Mwenye mimba asikae hapo, wala mtoto mchanga, wala mwenye pumu. Bati lililopakwa zinki lina lake zaidi. Fundi aliyelikata mchana kutwa anaweza kurudi jioni akitetemeka, ana homa, kichwa kinauma, kifua kimebana, na mdomoni ana ladha ya chuma. Ukimtazama utasema ni malaria. Kwetu Kericho malaria ipo na huua, kwa hiyo usikisie: apimwe damu, na mwambie daktari wazi kwamba alikuwa akikata mabati. Homa ya moshi hupungua yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Kama pumzi inazidi kuwa fupi, hiyo si ya kungojea nyumbani.

Mafundi wengi huamini kwamba maziwa huosha kifua. Mursik ni chakula kizuri, mpe anywe ashibe. Lakini maziwa huenda tumboni na moshi umekwenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Kinachosaidia ni kukatia mahali pa wazi, kusimama upande upepo unakotoka, kuvaa barakoa ya moshi wa chuma, na kukwangua rangi na zinki kabla ya kukata. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu.

Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo. Huenda umesikia habari za Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha risasi kutoka betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyepewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015 kwa kupigania wakazi wa pale, alianza vita hivyo baada ya mtoto wake mdogo kuugua na kupatikana na risasi mwilini. Karakana ya kijijini si kiwanda kile, lakini vumbi husafiri vile vile, juu ya nguo na mikono ya mtu anayerudi nyumbani na kumpakata mtoto. Ovaroli ibaki karakanani. Anawe mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Ukifua, ifue peke yake katika beseni lake, kamwe si pamoja na nepi.

Na mtu akiungua kwa chuma moto, maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna yai. Kisha funika kwa kitambaa safi, uende zahanati.

Kama una swali juu ya mazungumzo ya leo, mpe mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako, atatufikishia. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto, na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.